Gari Likikwama Nyika: Mwongozo kwa Anayetoka Malindi

Kaskazi ikishaingia na njia za ndani zikakauka, maswali huanza, na kila mwaka ni yale yale. Nikiingia mchanga wa Mambrui nitoe upepo kiasi gani? Rediyeta ikichemka nikishapita Lango Baya nifanye nini? Gari likikataa katikati ya nyika, nitembee nikatafute watu au nikae? Ni maswali ya maana, na majibu yake ni heri uyasome ukiwa bado nyumbani.

Mwongozo huu ni wa anayejua kuendesha kwenye lami ila nyika hajaizoea. Nimeuandika nikizifikiria njia zinazotoka Malindi: ile ya bara inayoufuata mto Sabaki hadi Lango la Sala la Tsavo Mashariki, ile ya Mambrui na Marafa kuingia Magarini, ile ya Gongoni na Ngomeni kwenye mashamba ya chumvi, na ile ya kaskazini kuelekea Garsen. Hakuna hata moja iliyo jangwa kamili kama Chalbi kule Marsabit, lakini mchanga, joto, chumvi na umbali vyote vipo. Ukijifunzia hapa, huko hutafika mgeni.

Lishike hili kabla ya mengine. Gari nyingi huzama baada ya kukwama. Tairi linapoanza kuzunguka bure, gari bado liko juu ya mchanga na kutoka ni kazi ya dakika 10. Dereva akiendelea kukanyaga mafuta, tairi linajichimbia shimo, tumbo la gari linalala chini, na kazi inakuwa ya nusu siku. Mguu utoke kwenye mafuta mara tu unapohisi gari haliendi. Mengi yanayofuata humu yanategemea hapo.

Vitu vya kubeba

Maji ya kunywa ni lita 5 kwa kila mtu kwa kila siku, na uhesabu siku moja zaidi ya uliyopanga. Watu 4 wanaokwenda Sala na kurudi siku hiyo hiyo wabebe lita 40. Yagawe kwenye mitungi kadhaa, maana mmoja ukipasuka kwenye mitikisiko ya barabara usije ukapoteza yote. Maji ya gari yawe kando, lita 10, kwenye mtungi uliotiwa alama.

Mafuta jaza tangi Malindi mjini. Kwenye mchanga na giya nzito (zile za nguvu za gari la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote 4) gari laweza kula mara mbili ya yale linayokula kwenye lami, kwa hiyo usipige hesabu ya barabara ya Mombasa ukaipeleka nyika.

Vifaa vya gari:

- Tairi la spea lenye upepo, lililopimwa wiki hiyo. Kama unakwenda mbali, beba 2, maana miba ya migunga haibagui tairi jipya na kuukuu.
- Jeki, spana ya magurudumu, na ubao mgumu wa kuweka chini ya jeki: futi moja kwa futi moja, unene wa inchi 2.
- Koleo na panga.
- Geji ya kupimia upepo na pampu ndogo inayotumia betri ya gari.
- Kamba nene ya kuvutia, isiyo ya nailoni nyembamba ya sokoni.
- Magunia matupu 4. Karibu na pwani makuti makavu yanafaa vile vile, ila ukishaingia ndani minazi haiko, usitegemee ya kuokota.
- Mkanda wa feni na mipira ya rediyeta inayolingana na gari lako, fyuzi, oili lita 2.
- Kipande cha tyubu kuukuu, waya wa kufungia, plaisi, spana, bisibisi, msasa, gundi ya chuma, na sabuni ya kipande. Sabuni si ya kuogea. Matumizi yake yako mbele.
- Tochi ya kichwa, ili mikono yote miwili ibaki na kazi.

Kwa watu: kofia, viatu vya kufunika mguu, leso 2 au 3 za kujifunika na kulowesha, sanduku la huduma ya kwanza, chakula kisichohitaji kupikwa, pawabenki, na pesa taslimu. Mtandao ukipotea simu hailipi mtu.

Kabla ya kuondoka

Siku moja kabla, badilisha tairi nyumbani kwako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wengi huona hili ni la kitoto, lakini hapo ndipo utakapogundua kwamba nati zilikazwa kwa mashine ya upepo na spana yako haiziwezi, au gari lina nati ya kufuli na ufunguo wake haujulikani uliko, au jeki inavuja. Bora uyagundue mlangoni kwako kuliko kwenye jua la saa 7 mchana.

Fungua boneti injini ikiwa baridi. Maji yafike alama. Ibinye mipira ya rediyeta kwa vidole, hasa pale mwishoni unapobanwa na kibanio: uliolainika kama umelowa, uliovimba, au wenye nyufa ndogo ndogo, ubadilishe leo. Tazama vichwa vya betri. Hewa ya bahari huvitia ukungu mweupe wa kijani, na gari linaloishi pwani hulipata hilo upesi kuliko la bara.

Andika karatasi: njia utakayopita, nambari ya gari, idadi ya watu, saa ya kurudi, na saa ambayo usipoonekana utafutwe. Mpe mtu mmoja mwenye akili zake, asiyesahau. "Tunaenda ndani huko" si taarifa.

Panga kwenda magari 2. La pili ndilo winchi yako (mashine ya kuvutia), betri yako ya akiba, na usafiri wa mgonjwa. Mwenye gari moja tu asitoke njia kuu inayopitwa na watu kila siku.

Kuhusu usalama, njia ya Garsen kuendelea Witu na Lamu uliza polisi siku ile ile unayosafiri, na usiku usiipite. Ondoka saa 12 asubuhi, ili kazi yoyote ngumu iangukie kwenye baridi na uwe na mchana mzima mbele yako.

Kuendesha kwenye mchanga

1. Simama kabla mchanga haujaanza, pahala pagumu. Shuka utembee hatua chache mbele. Mguu ukizama hadi kifundo, tairi litazama zaidi.

2. Toa upepo kwenye matairi yote 4. Fungua kifuniko cha valvu ukitie mfukoni, kisha bonyeza ile sindano ya katikati kwa kijiti. Upepo unapiga mluzi, na ukitazama tairi kwa ubavu utaliona likianza kutoa tumbo pale linapogusa ardhi. Pima kila baada ya muda mfupi. Kutoka 32 au 35 ya kawaida, shuka hadi 20 psi (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji). Mchanga ukiwa laini sana, 16 hadi 18. Chini ya 15 usiende ila umeshakwama na hakuna njia nyingine, kwa sababu tairi laweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Sababu ya yote haya ni moja: tairi lenye upepo mdogo hurefuka chini, kama unyayo wa ngamia, na uzito wa gari unatawanyika.

3. Ingiza fowili ukiwa bado pahala pagumu. Gari za zamani, Land Cruiser na Hilux nyingi, zina loki za kuzungusha kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele; usipozifunga, fowili ya ndani haifanyi kazi yoyote hata ukiivuta giya yake mara ngapi.

4. Chagua giya kabla ya kuingia, ya 2 au ya 3, na uende mwendo mmoja usiobadilika. Kubadilisha giya katikati ya mchanga kunapoteza mwendo, na ukiupoteza, kuupata tena ni shida.

5. Ukitaka kusimama, usikanyage breki. Achia mafuta gari lisimame lenyewe, na uchague pahala pa mteremko ili kuondoka kuwe kwepesi. Breki hurundika mchanga mbele ya matairi, nawe utakuja kuupanda mwenyewe.

6. Kona zikate kwa upana. Ukiona usukani umekuwa mzito na gari linapungua, nyoosha magurudumu kwanza.

7. Ukishatoka mchangani, jaza upepo kabla ya kukimbia. Kwa 20 psi usipite kilomita 40 kwa saa. Tairi legevu kwenye lami ya moto huchemka na kupasuka, na madereva wengi wameangusha gari hapo baada ya kuushinda mchanga wote.

Mchanga wa asubuhi wenye umande hushikana. Ule ule saa 8 mchana umekauka na unakimbia chini ya tairi, kwa hiyo pahala ulipopita ukienda pasikudanganye ukirudi.

Na ufuo wa bahari? Watu huniuliza sana, na ushauri wangu ni usiendeshe huko. Kasa hutaga mayai juu ya mstari wa maji, na tairi moja linatosha kuharibu kiota. Tena kutoka maji kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 tu, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda juu kuliko unavyoikumbuka. Gari lililokwama chini ya mstari huo halina siku nzima ya kusubiri trekta.

Umekwama: fanya hivi

1. Toa mguu kwenye mafuta. Weka giya huru. Usijaribu "mara moja tu ya mwisho".

2. Abiria wote washuke. Watu 4 na mizigo yao ni zaidi ya kilo 300 unazoweza kuzitoa bila jasho.

3. Jaribu kurudi nyuma kwenye nyayo zako mwenyewe, polepole. Mchanga ule umeshashindiliwa. Mara nyingi gari hutoka hapa, na huhitaji hatua zinazofuata.

4. Likikataa, usilazimishe. Shuka ulale chini utazame tumbo. Difu (lile bonge la chuma katikati ya ekseli) au ekseli yenyewe ikiwa imelala kwenye mchanga, matairi hayana uzito wa kushikia ardhi, na hutatoka mpaka uitoe huko.

5. Chimba. Anzia chini ya tumbo, kisha mbele ya kila tairi, au nyuma yake kama unatoka kwa kurudi. Tengeneza mteremko mrefu, si shimo fupi lenye ukuta. Mchanga unaoutoa utupe mbali. Ukiurundika pembeni unarudi wenyewe. Hapa ndipo watu huchoka na kukata tamaa mapema. Koleo 20 zaidi sasa ni nafuu kuliko kuchimba upya.

6. Toa upepo zaidi, hadi 15.

7. Weka magunia, makuti au matawi chini ya tairi, yakiwa yamesukumwa ndani kabisa hadi yaguse mpira. Yaliyolazwa mbele kwa mbali hayashikwi.

8. Ingiza giya nzito ya fowili, giya ya kwanza au ya kurudi nyuma, achia klachi taratibu. Tairi likizunguka bure, simama, rudi hatua ya 5.

9. Likitoka, usisimame kushangilia. Endelea hadi pahala pagumu, wenzako watakufuata kwa miguu.

Mtu yeyote asisimame nyuma ya tairi linalozunguka, wala karibu na kamba inayovutwa. Kamba ikikatika au chuma kikichomoka hupiga kama risasi na huua. Weka leso nzito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya kamba. Ikikatika itaanguka chini. Na usifunge kamba kwenye bampa wala kwenye kile chuma chembamba cha kufungia gari melini. Tafuta kulabu iliyoshikana na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari.

Kubadilisha tairi pahala palipo laini

Lisogeze gari hadi pahala sawa, hata kama tairi litaumia kidogo kwa mita 50. Vuta breki ya mkono, weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Shindilia mchanga, laza ule ubao, jeki juu yake. Bila ubao, jeki ndiyo itakayozama na gari litabaki pale pale.

Tairi unalolitoa lisukume chini ya gari, karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi na wewe utakuwa na nafasi ya kutoa mkono. Usiingize kichwa wala bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, kwa sababu yoyote ile. Spea ikishaingia, kaza nati kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, si kwa kuzunguka. Baada ya kilomita 20 simama uzikaze tena.

Rediyeta imechemka

Mshale wa joto ukianza kupanda, zima AC, fungua vioo, washa hita kwa nguvu zote. Ni mateso lakini inaitoa injini sehemu ya joto. Mshale ukiendelea kupanda, simama. Kilomita 2 za "nifike pale kwenye mti" zinatosha kupinda kichwa cha injini.

1. Simama gari likitazama upepo. Hakuna mvuke wala maji yanayomwagika? Iache injini ingurume dakika chache bila kukanyaga mafuta, ili feni ipoze. Mvuke ukitoka au maji yakimwagika, zima mara moja.

2. Fungua boneti. Kifuniko cha rediyeta usikiguse. Maji ndani yamebanwa, yana joto kupita lile la kuchemkia sufuriani, na ukifungua yanaruka yote usoni. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuuachia.

3. Funika kifuniko kwa kitambaa kinene, kizungushe hadi kituo cha kwanza, acha pumzi itoke, ndipo umalizie.

4. Kabla ya kutia maji, tafuta sababu. Tazama uso wa rediyeta: ukipita kwenye majani marefu, mbegu na vumbi huziba matundu yake kama mkeka. Zisugue zitoke kwa kijiti laini na maji kidogo, ukitokea upande wa injini.

5. Tia maji polepole, injini ikiwa inanguruma. Maji baridi yakimiminwa kwenye injini ya moto hupasua chuma.

Mpira ukipasuka na huna wa badala, kile kipande cha tyubu kuukuu ndicho dawa. Kata ukanda wa upana wa vidole 2, urefu wa mkono. Kausha mpira uliopasuka, anza kuzungusha sentimita kadhaa kabla ya tundu, ukiuvuta ukanda hadi ujinyooshe, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Pita tundu, rudi tena juu yake, kisha funga kwa waya ncha zote mbili na ukaze kwa plaisi. Tia maji, na kifuniko cha rediyeta kiache kwenye kituo cha kwanza tu ili maji yasibanwe yakapasua kazi yako. Endesha polepole ukitazama mshale, simama kila baada ya kilomita chache uongeze maji.

Wapo wanaotia yai au bizari ya manjano kwenye rediyeta inayovuja. Tundu huziba, ni kweli, na vijia vyembamba vya rediyeta huziba navyo. Mimi siishauri. Kama kinachovuja ni kijia kimoja, kibane kwa plaisi juu na chini ya tundu. Utapoteza hicho kimoja na vingine vibaki salama.

Maji, tope na chumvi

Mito ya msimu huonekana kama barabara nzuri ya mchanga, na mgeni hupenda kuegesha humo apate kivuli cha miti. Mvua ikinyesha mbali juu, maji hushuka chini ya mbingu isiyo na wingu. Vuka, usikae. Maji yakiwa yanatembea na yamepita goti, ngoja yapungue. Mto Sabaki wenyewe usiuvuke pasipo daraja, wala usiingie kuupima kwa miguu: una mamba na viboko.

Kuelekea Garsen na delta ya Tana kuna udongo mweusi. Ukikauka una nyufa na ni mgumu. Ukilowa hata kidogo hushika matairi hadi yakajaa na kugusa matao. Fowili haisaidii kitu. Mvua ikinyesha, simama pahala pa juu ungoje jua, hata kama ni siku nzima.

Pale Gongoni na Ngomeni, na vile vile Chalbi, tahadhari na uwanda mweupe mkavu. Juu ni ngozi ya chumvi, chini tope. Fuata nyayo za malori na usizikate kwa mkato. Choma ardhi kwa ufito. Ukizama kwa wepesi, geuka.

Gari limekataa kabisa

Kaa na gari. Gari ni kubwa kuliko mtu, huonekana kwa mbali, lina kivuli, na ndilo linalotafutwa kwa ile karatasi uliyoiacha. Aliyeondoka kwa miguu saa 6 mchana bila maji ndiye anayetafutwa wa mwisho.

Funga leso ubavuni mwa gari upande usio na jua, mkae chini yake, ila chimba kidogo kwanza uutoe mchanga wa juu wenye moto, na uangalie nge na nyoka. Ndani ya hifadhi, ndovu na simba hawana habari na shida yako: baki ndani ya gari. Fungua vioo kiasi.

Kiu ikija, kunywa. Maji ukiyahifadhi kwenye chupa huku unazimia hayajakusaidia. Unachokipima ni jasho: usichimbe wala kusukuma kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Maji ya rediyeta yenye dawa yake ya rangi ni sumu, asiyaonje mtu, mtoto hasa. Mwenzako akianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu, au kusema maneno yasiyoeleweka huku ngozi yake ni ya moto, mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mloweshe mwili mzima na mpepee. Hapo maji yatumike bila kuhesabu.

Simu iwekwe kuokoa chaji. Ujumbe mfupi hupita pahala ambapo sauti haipiti, kwa hiyo andika mlipo, idadi yenu na shida, utume, kisha upande kilimani karibu na gari ujaribu tena. Nambari za dharura ni 999 na 112. Boneti iachwe wazi. Mchana tumia kioo cha pembeni kurudisha jua kuelekea gari au ndege inayopita. Usiku washa mioto 3 kwa pembe tatu, pahala palipofyekwa. Tairi kuukuu hutoa moshi mweusi unaoonekana mbali, ila toa upepo wote na sindano ya valvu kwanza, likiwa limejaa hupasuka.

Kutembea ni pale tu unapoona moshi wa nyumba, unaposikia kengele za mbuzi, au unapoijua barabara na umbali wake kwa hakika. Waende 2, alfajiri, na maji, waache maandishi ya saa na upande walioelekea. Mkifika kwa watu, hodi na salamu kwanza, shida baadaye. Mzee wa boma la karibu anajua ni nani ana trekta na ni njia gani inapitika leo.

Dalili na tiba

*Gari kimya, au linatoa "tik tik".* Vichwa vya betri. Legeza hasi kwanza, kisha chanya, sugua kwa msasa hadi risasi ing'ae, rudisha chanya kwanza, kaza. Ikiwa betri imekwisha, unganisha na gari la pili: chanya kwa chanya, hasi ya gari zima kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Kusukuma mchangani hakuna faida, na gari la giya za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

*Injini inazunguka, haiwaki.* La petroli: fungua swichi usikilize kama pampu ya mafuta inavuma nyuma. Haivumi? Angalia fyuzi yake. La dizeli lililoishiwa mafuta limeingiza hewa. Jaza, kisha bonyeza ile pampu ya mkono juu ya chujio hadi iwe ngumu.

*Taa ya betri imewaka, usukani mzito, joto linapanda, vyote kwa pamoja.* Mkanda wa feni umekatika. Zima sasa hivi, badilisha.

*Petroli inadondoka kutoka kwenye tangi.* Jiwe limetoboa. Hakuna sigara, hakuna moto. Kanda sabuni ya kipande kwa vidole mpaka iwe laini, isukume ndani ya tundu na kuipaka juu. Petroli haiyeyushi sabuni, nayo hushika mpaka mjini. Maji yataiosha, basi usivuke mto.

*Harufu ya majani kuungua.* Nyasi zimenasa karibu na bomba la moshi. Simama kwenye ardhi tupu, zitoe kwa kijiti, uwe na maji mkononi. Gari huungua zima kwa nyasi hizi.

*Klachi inanuka.* Umeichezea sana mchangani. Ngoja ipoe nusu saa, kisha tumia giya nzito badala ya kuiteleza.

*Breki inazama hadi sakafuni.* Hapa safari imekwisha. Hata likitembea, usiliendeshe. Livutwe au fundi aje.

*Gari linavuta upande mmoja.* Pancha ya polepole. Mwiba ukiuona, usiung'oe mpaka pampu na vifaa viwe tayari. Wenyewe ndio unaozuia upepo.

Ukirudi Malindi

Osha tumbo la gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa ukitoka Ngomeni. Safisha chujio la hewa, tazama kama miba imebaki kwenye matairi, badilisha mpira uliofungwa kwa tyubu hata kama hauvuji. Rudisha kila ulichokitumia kwenye sanduku lake kabla hujalala, na umpigie simu yule uliyemwachia karatasi umwambie mmefika.